Wimbo wa Mama Uliokaa kwenye Re

Enzi za Mwingereza nilifundisha kwaya Kwihara, mpumbavu aliyejua ngazi moja tu ya muziki: do, re, mi, fa, so, la, ti. Nilishikilia kwamba kila wimbo lazima uishie kwenye do, kama mtu anavyorudi nyumbani. Wimbo wa mama yangu wa kutwangia mtama uliishia kwenye re. Nikamsimamisha mbele ya kwaya, mama aliyenizaa, nikamlazimisha kuurudia mwisho ule mara sita huku nikigonga meza kwa fimbo. Wanakwaya walicheka. Mimi niliwazidi.

Mwaka uliofuata padri mmoja wa Tabora aliniketisha penye kinanda. Alipiga vibao vyeupe, do hadi do. Kisha akapiga vilevile, re hadi re, na sauti ya mama kinuni ikajaa chumbani.

"Sauti ni zilezile saba," alisema. "Ukiipandisha do au kuishusha, umebadilisha ufunguo tu, yaani kimo cha sauti, wimbo ni uleule. Ukiuhamisha nyumbani kwake, kutoka re kwenda do, wimbo unageuka."

Akaniimbia nyimbo za kale za Kilatini zilizokaa kwenye re. Hizo hakuna aliyezigongea fimbo.

Nilirudi Kwihara mbio. "Shikamoo, mama. Niimbie ule wimbo wa kutwangia."

"Marahaba." Aliweka mchi chini, akasimama wima, mikono ubavuni, kama siku ile. Aliuimba wote, akaumalizia kwenye do.

"Sasa nimeweza, mwalimu?"