Mapera kwenye dashibodi

Juzi, gereji moja ya Bombambili, fundi alikuwa akichomoa fyuzi moja moja kwenye lori langu, la tatu hilo, na shule nimeishia darasa la nne, akitafuta kinachokula betri. Nilishindwa kukaa; nilikumbuka mchana mmoja wa utotoni.

Mchana ule pikapu ya baba iligoma tena. "Ni wewe na redio yako, unamaliza betri," baba alimwambia baba mdogo. "Kesho urudi kijijini, Namasakata."

"Wallahi kaka, sijaigusa!"

Fundi wa siku hiyo aliunga kitaa cha kupimia kwenye waya wa betri, kikawaka. Akachomoa fyuzi mpaka kikazimika, kisha akavuta kidroo cha dashibodi. Harufu ya mapera ikatujaa puani. Nilikuwa nimeyashindilia mpaka kifuniko hakifungi, na taa ya ndani yake ilikuwa inawaka usiku na mchana. Mimi niliamini imewekwa humo kuivishia matunda.

"Nani kaweka haya?" baba aliuliza.

Baba mdogo alinitazama nikirudi nyuma. Akachukua pera, akaling'ata. "Mimi, kaka."

Kesho yake alipanda basi. Mimi, ambaye leo madereva wangu wote wananiogopa, nilimbebea begi mpaka stendi, baba asijue kuwa mapera yalikuwa yangu.