Darubini Moja kwa Watu Wawili

Yule mkubwa wetu wa kazi simpendi hata leo, na sitaki mtu aniambie nimsamehe. Mwanzoni mwa miaka ya sabini tulikuwa waongozaji ndege wawili pale Voi, mimi na mwenzangu wa Chawia, naye akitusimamia. Mnara wetu ulikuwa kibanda cha mbao juu ya nguzo, chenye redio moja na darubini moja.

Kiwanja kilikuwa cha changarawe, na punda milia walikipenda kuliko abiria. Ndiyo maana tulikuwa na desturi yetu. Anayetoka zamu alikikagua kwa darubini mwanzo hadi mwisho, akampa anayeingia, naye akakagua palepale, darubini ikiwa bado na jasho la mwenzake. Kisha wote wawili walitia sahihi daftarini kwamba kiwanja ni kitupu.

Ndipo ugonjwa wa macho mekundu ukaingia. Ulianza Miasenyi kwa wauzaji wa barabarani, na wiki iliyofuata ukawa mjini. Watu wazima waliamka kope zimegandana, wakaoshwa macho kwa chai ya rangi kama watoto.

Nilimwomba mkubwa mambo mawili: spiriti ya kufutia darubini, na ruhusa ya mgonjwa kubaki nyumbani. Spiriti alisema itaharibu vioo, na vioo ni mali ya serikali. Ruhusa aliicheka. Lakini yeye mwenyewe aliacha kupanda mnarani, akawa anatupa maagizo akiwa chini, leso puani. Leso puani kwa ugonjwa wa macho! Huyo ndiye aliyekuwa msomi wetu.

Mwenzangu akaupata. Alikuwa bado kwenye majaribio ya kazi, na siku tatu za kukosa zingetosha kumfukuzisha, kwa hiyo alikuja hivyohivyo, macho yamevimba, akijifuta kwa mkono wa shati. Nilimkasirikia yeye pia. Nilimwambia waziwazi kwamba darubini ile siigusi. Basi tukawa tunakabidhiana hivi: yeye anakagua, ananiambia ni kitupu, mimi natia sahihi bila kuangalia.

Siku ya tano asubuhi aliniambia ni kitupu. Dakika chache baadaye ndege ndogo ya watalii ilitua, rubani akawakwepa punda milia watatu, akaishia mtaroni. Bawa lilivunjika, rubani naye akavunjika mkono. Mkubwa alipanda mnarani siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze.

Hakuuliza habari za macho. Alikuja na barua aliyokwisha kuiandika, kwamba mwenzangu alilala zamuni kisha akanidanganya. Ilitaka sahihi ya shahidi.

"Mmoja ataenda nyumbani," akaniambia. "Ukitaka muende wawili, ni wewe tu."

Nilimwambia kwamba mtu yule hakulala, alikuwa haoni. Akanisogezea kalamu. Nilimchukia, na kwa kalamu yake hiyohiyo nikatia sahihi.

Jioni nilipita chumbani kwa mwenzangu nyuma ya soko. Alikuwa ameketi kitandani na kitambaa kibichi machoni, barua magotini. Alikuwa ameletewa mchana, na hakuna aliyemsomea.

"Ndugu yangu, nisomee," akasema. "Wewe ndiye unayejua ilivyokuwa."

Nikamsomea yote, pamoja na lile neno la kulala. Alitikisa kichwa taratibu, akasema atakwenda kujitetea, maadamu mimi nipo. Nikasoma jina la mkubwa pale chini, nikaishia hapo.

"Imeisha?"

"Kuna sahihi ya shahidi."

"Ya nani?"

Ningeweza kumtajia mtu yeyote. Nikamwambia ni yangu. Alinyoosha mkono akaipapasa karatasi mpaka akaipata, akaichukua, akaikunja, akaniomba nimfungie mlango nikitoka.