Kadi Iliyokatazwa Kusalimu

Binamu yangu ana cyber hapa Garissa, na majivuno ya mtu mwenye benki. Wiki ile alinunua kadi mpya ya mtandao, ya kasi, akaichomeka kwenye kompyuta yake kubwa. Kadi kama hiyo ikiunganishwa na kile kisanduku cha ukutani kinachogawa mtandao, pande mbili huanza kwa kuulizana: wewe unaweza nini? Mimi naweza kasi hii, naweza kutuma huku napokea. Zikishajuana, huchagua lililo bora ambalo zote zinaliweza. Ndipo kazi inaanza.

Binamu aliona huo ni umbea. Akaingia kwenye programu inayoendesha kadi, akazima kuulizana kote, akaiamuru kasi ya juu kabisa, itume na kupokea kwa pamoja.

"Kadi yangu haiombi ruhusa ya mtu," akasema.

"Ndivyo ulivyoenda kuposa pia," nikamwambia. "Ulirudi na nini?"

Akanirushia kifuniko cha soda.

Asubuhi iliyofuata tulimleta Ayeeyo, bibi yetu. Mwanawe, Abti, yaani mjomba wangu, alikuwa hospitalini ng'ambo akingoja kupasuliwa moyo. Aliondoka nyumbani zamani bila radhi za mama yake, na tangu hapo wakizungumza hawavuki salamu. Sasa alikuwa ametuma neno: kabla hawajanipasua, nataka nimsikie Hooyo, mama yangu, akisema amenisamehe. Mtandao wa simu ulikuwa umelala mji mzima, kama kawaida yake, na macho ya Ayeeyo yana ukungu. Ilibaki cyber na kioo chake kipana.

Abti akatokea kiooni, kavaa gauni la wagonjwa. Ayeeyo akaanzia mwanzo, kwa kuuliza amani, kama watu wote wenye adabu wanavyoanza huku kwetu.

"Ma nabad baa?"

"Nabad, Hooyo."

"Watu wako?"

"Wazima."

"Ngamia?"

Abti anaishi ghorofani, kwenye nchi ya theluji. "Wazima, Hooyo."

"Mvua je?"

Picha ikaganda, mdomo wa Abti ukiwa wazi. Ikakatika. Binamu akapiga tena, Abti akarudi.

"Ma nabad baa?" Ayeeyo akaanza.

"Ayeeyo, si umeshamsalimu!" akasema binamu.

"Ametoka, amerudi. Mtu akirudi hasalimiwi, waryaa?"

Watu, ngamia, mvua. Ikakatika tena. Mimi nilikuwa nacheka mpaka machozi, nikasema hao ngamia wa theluji wamechoka kuulizwa hali. Safari iliyofuata nikamwona Abti hatutazami. Alikuwa anamtazama mtu aliyesimama pembeni ya kitanda chake. "Hooyo," akasema, "wamekuja kunichu..."

Picha ikaganda hapo. Kicheko kikaniisha.

Binamu alikuwa tayari ameinama kwenye kompyuta, jasho linamtoka. Kadi ilikuwa inatuma na kupokea kwa pamoja, kama alivyoiamuru. Kile kisanduku, kwa kuwa hakikuambiwa lolote, kilidhani mwenzake ni wa kupokezana: mmoja aseme, mwingine anyamaze. Ujumbe mdogo mdogo ulikuwa umepita bila shida jana yake siku nzima. Video ilipokuja na uzito wake, wakawa wanagongana njiani.

"Warudishie salamu zao!" nikampigia kelele.

Akarudisha. Taa za kadi zikazimika, zikawaka upya. Akapiga.

Wallahi, sijawahi kuona picha safi kama ile. Mke wa Abti alionekana kidogo, anafuta uso, kisha akageuza simu. Kitanda kilikuwa kitupu. Shuka imevutwa kando, na kwenye mto mweupe lilibaki bonde la kichwa.

Ayeeyo alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Aliona weupe tu. Hakuuliza watu, hakuuliza ngamia.

"Mwanangu," akasema, "nimekusamehe. Nina radhi nawe, na maziwa yangu yote ni halali kwako."

Akangoja. Kiyoyozi cha binamu kilikuwa kinanguruma.

"Mbona hajibu?"

Binamu akanitazama mimi, mwenye mdomo.

"Analia, Ayeeyo."

"Mwacheni alie," akasema. "Ndivyo alivyo tangu utotoni."

Abti hakuamka kutoka kwenye upasuaji. Wageni wa tanzia walipojaa nyumbani, Ayeeyo aliwasimulia jinsi mwanawe alivyolia aliposikia radhi zake, na bado anasimulia. Kila mara hunyoosha kidole upande wangu, maana nilikuwepo. Nami husema ndiyo, alilia sana.