Busaa Iliyogoma Kuchacha

Enzi zetu, sisi tuliokulia Malindi miaka ya themanini, mtu hakuposa kwa ujumbe wa simu. Baba mtu ndiye aliyetumwa, naye hakwenda mikono mitupu: alibeba tembo la mnazi. Lakini kaka yangu Karisa alipompenda Sidi wa Junju, baba yake Sidi alituvurugia mambo. Mzee huyo alikuwa na shamba zima la minazi. "Tembo ninalo hadi la kuogea," alisema. "Nileteeni busaa, ile pombe ya mahindi niliyoizoea nilipofanya kazi bara. Nisipoionja Jumamosi ijayo, kuna kijana wa Mtwapa mwenye pikipiki anasubiri."

Karisa wetu alikuwa na baiskeli, tena isiyo na breki.

Baba hakuwahi kupika busaa maishani mwake. Aliinywa tu, alipokuwa kibarua wa chumvi kule Marereni, na aliamini kwamba mnywaji mzuri hashindwi kupika. Mama akatumwa kuazima mtungi mkubwa kwa jirani yetu Bi Zuhura. Bi Zuhura alikuwa mtu wa swala tano, kwa hiyo Mama alisema tu kwamba tutakuwa na wageni, akaondoka mbio; mtungi ukaletwa jioni. Baba akakaanga unga uliovundikwa, akautia maji na kimea cha wimbi, akafunika, akakaa kungoja povu.

Povu halikuja. Tulikwenda shule tukarudi, na uji ule umetulia tuli. Baba akasema ni baridi. Baridi, Malindi, mwezi wa Februari! Akauvisha mtungi blanketi letu. Kisha akasema ni kelele, tukakatazwa kuruka kamba uani. Kisha akasema hauna nguvu, akamimina humo sukari yote ya nyumba. Tukawa tunateremsha mihogo kwa chai isiyo na sukari, na Mama akanuna waziwazi. Jioni Baba alitega sikio kwenye mtungi, akanyoosha kidole. "Nyamazeni! Nasikia kitu." Lilikuwa tumbo la Karisa, aliyekuwa hali chakula kwa wasiwasi. Tulimcheka, lakini mimi roho iliniuma.

Ijumaa Bi Zuhura akapita nje ya ua wetu wa makuti. "Hodi humo! Mama Karisa, mtungi unawafaa?"

"Unafaa sana, Bi Zuhura. Ahsante."

"Nilijua. Wageni hawapewi maji yasiyonukia. Niliufukiza ubani kabla ya kuwaletea, mpaka nikakohoa."

Baba akainama, akainusa pombe yake upya. Siku zote hizo alidhani harufu ile ni ya kimea bora. "Lo! Chachu yangu imeuawa kwa moshi!" akasema, kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

"Chachu ya nini?" akauliza Bi Zuhura, na hapo Mama hakuwa na pa kujificha. Bi Zuhura akashika kifua, akasoma dua zote alizozijua, akatuambia mtungi sasa ni wetu, asiuone tena mlangoni kwake. Lakini aliposikia habari za pikipiki ya Mtwapa, alilainika. Karisa alikuwa akimchotea maji tangu utotoni. "Mie pombe siijui wala sitaki kuijua," akasema. "Ila unga wangu wa mahamri ukikataa kuumuka, nautia hamira mpya."

Baba akauhamishia uji kwenye debe, akatia masimbi ya tembo la mnazi, yale machicha yanayobaki chini. Asubuhi povu lilikuwa limesukuma kifuniko kando.

Yeye na Karisa waliporudi kutoka Junju, Karisa alitusimulia huku akirukaruka. Baba yake Sidi alikunywa, akakunja uso, akanywa tena. "Mbona busaa yenu inanukia ubani?" Baba, asiyejua kudanganya, akaeleza yote, hata tumbo. Mzee alicheka mpaka akamwagikiwa. "Watu waliohangaika hivi hawatamtesa binti yangu," akasema. "Mwenye pikipiki na aende salama."

Juzi mtoto wa Karisa alioa. Posa ilipangwa kwenye simu, bia zikaja kwa kreti na barafu juu. Vijana hawa ni hodari, siwanyimi sifa. Kabla ya saa nne kila kitu kilikuwa tayari. Mimi na wifi yangu Sidi tulikula pilau tamu, na hatukuwa na la kucheka. Nikamuuliza bwana harusi alihangaika vipi mpaka akampata binti huyu.

Akanitazama kwa adabu. Hakulielewa swali.