Bomba la Kutazamia Mshtarii

Mageni ni fundi miwani, na mtaani Ngokolo hakuna anayemwita kwa jina hilo. Wote wanamjua kama Mama Nelly. Kwa miaka kumi na tisa amekaa kwenye kibanda chake mjini Shinyanga akibadilisha lenzi, akikaza skrubu ndogo kama punje za ufuta, na kuwagombeza wazee wanaoikalia miwani yao. Kicheko chake kinasikika mtaa wa pili. Mpaka Januari ya mwaka jana alikuwa akitazama juu kwa sababu moja tu: kujua kama aanue nguo.

Siku hiyo wateja walikuwa haba, akafungua video kwenye simu. Jamaa mmoja alikuwa anaeleza kwamba ukichukua lenzi ya kusomea ya namba moja, ukaibandika kwenye mdomo wa bomba la mita moja, kisha upande wa kuchungulia ukaweka kioo kidogo cha darubini mbovu, utaiona miezi ya Mshtarii, sayari ambayo wengi huiita Jupita. Mama Nelly akavuta droo. Lenzi za namba moja zilikuwa zimejaa humo, na chini yake darubini mbovu ambayo mteja hakurudi kuichukua.

"Kumbe miaka yote hii nimeikalia tu!" akasema, akafunga kibanda kabla ya saa kumi.

Alivuka barabara hadi kwa mzee Jashvant, muuza vifaa vya ujenzi.

"Shikamoo mzee. Naomba kipande cha bomba la plastiki, mita moja."

"Marahaba, Mama Nelly. Choo kimeziba?"

"Hapana. Nataka kuangalia Jupita."

Mzee Jashvant alimtazama kwa juu ya miwani ambayo yeye Mama Nelly ndiye aliyemtengenezea. Akampa kipande kilichobaki dukani. "Ukiiona, uniite," akasema.

Bomba likapatikana, lenzi na kioo vikabandikwa, ila mikononi lilitetemeka, na ile nyota kali ambayo video ilisema ndiyo Jupita ikawa inarukaruka kama panzi. Mama Nelly akazunguka uani akitafuta cha kulishikiza, macho yakatua kwenye baiskeli ya mumewe, Donatus, mlinzi wa kiwanda cha pamba.

"Baba Nelly, naomba baiskeli."

"Unaenda wapi?"

"Siendi popote."

Akaipindua matairi juu, akalifunga bomba kwenye gurudumu la nyuma kwa mipira ya kufungia mizigo. Ukizungusha gurudumu, bomba linapanda. Ukipachika kandambili kati ya gurudumu na fremu, linatulia. Donatus alitikisa kichwa, akaingia ndani.

Jioni mbili mawingu yalitanda. Ya tatu mvua ilinyesha mchana, ikaiacha anga safi kabisa. Saa moja na nusu Mama Nelly alipiga magoti kwenye matope, akahangaika, akaipoteza, akaipata. Ile nyota kali haikuwa tena nyota. Ilikuwa kiduara, kama kifungo cha shati, na kando yake vidoa vinne vya mwanga, viwili huku na viwili kule, vimejipanga mstari mmoja.

Alipiga yowe. Donatus akatoka mbio, tonge la ugali mkononi.

"Lolaga!" Mama Nelly alimwita kwa Kisukuma, huku anaruka. "Tazama, tazama!"

Donatus aliinama. "Lenzi ina vumbi," akasema.

"Vumbi gani linajipanga mstari?"

Akaifuta kwa pindo la shati, akachungulia tena. Vidoa vilikuwa palepale. Tonge likamponyoka. "Mama Nelly," akauliza kwa sauti ndogo, "vile vyote ni vyake?"

Kesho yake vilionekana vitatu tu, kimoja kimejificha nyuma ya sayari, na Donatus akakesha na furaha kama aliyekigundua yeye. Baiskeli hakukubali ifunguliwe. Wiki tatu alikwenda kazini kwa miguu, na jioni alirudi anakimbia ili ahesabu.

Ndipo jirani yao Loveness akashtaki kwamba bomba linachungulia bafu lake. Mwenyekiti wa mtaa, mzee Stanslaus, alifika jioni na daftari kwapani, uso umekunjwa.

"Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba. Nimekuja kwa malalamiko. Nionyeshe kinachoonekana humo."

Mama Nelly akamwekea kigoda. Mwenyekiti alichungulia, akavua kofia. "Vidoa vinne," akanong'ona. "Au vitano? Hebu ngoja." Loveness, aliyekuwa mlangoni kusikiliza hukumu, akamvuta mkono: "Baba, na wengine tuone!" Wakapokezana mpaka mzee Jashvant, aliyeitwa kwa simu, akaja na viatu vya tofauti miguuni. Hakuna aliyelitaja bafu.

Mwanzoni mwa Machi, Mama Nelly alilibeba bomba kwenye basi hadi Nkome, kando ya ziwa, kwa mdogo wake Justa anayeanika dagaa ufukweni. Jua lilikuwa limezama punde tu. Upande wa machweo mwezi mwandamo ulining'inia, mwembamba kama ukucha, na karibu yake sayari ya Zuhura iliwaka kuliko taa ya mvuvi yeyote. Mama Nelly alilielekeza bomba kwenye Zuhura, akaliegemeza kwenye kichanja cha dagaa. Naye alipochungulia akashika kifua, maana hili hakulitarajia.

"Justa! Njoo haraka!"

Justa alikuja na mikono inayonuka samaki. "Huu ni mwezi, dada. Umelenga vibaya."

"Mwezi uko wapi?"

Justa akainua kichwa. Mwezi ulikuwa kule. Akarudi kwenye bomba: pembe nyingine nyembamba, ndogo, inang'aa. Akainuka tena. Akarudi.

"Miwili!" akapiga kelele. "Jamani, iko miwili!"

Wanawake wakaacha dagaa, wakaja wanakimbia, kanga zinapepea, kila mmoja anataka kuwa wa kwanza, na Mama Nelly akiwa katikati yao, anacheka hadi hawezi kusema kwamba huo wa pili ni Zuhura, jua limeimulika ubavu mmoja tu.