Nyumba Isiyoombwa Moto

Mbwa aliyelowa mvua ana harufu yake, na ngazi za jengo letu hapa ughaibuni, Lidcombe, hunuka hivyo kila Haruko anaporudi matembezini. Haruko ni jirani yangu, mjane Mjapani, mzee kama mimi. Siku moja alimshika mbwa wake masikio, akaniambia kwao anaitwa inu. Halafu akacheka, akaongeza maneno ya Kiingereza ambayo mjukuu wangu Neema alinitafsiria: mtaani kwao inu ni pia mtu anayewapelekea polisi habari za wenzake. Mimi sikucheka. Nilimwuliza Neema, "Kwa nini ananiambia mimi?"

"Bibi, ni stori tu."

Stori tu. Kwetu Kivu, meno ya utoto yakining'oka, jina hilo la mbwa wa polisi alibandikwa baba yangu, Lubunga, aliyetengeneza baiskeli za askari. Masika hayo askari walikwenda moja kwa moja hadi migombani, walikojificha wanaume waliokwepa kazi ya kulazimishwa ya barabara, wakawafunga kamba. Nani aliwaonyesha? Kisimani watoto wakaanza kunibwekea. Asubuhi ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Jirani akiamka moto wake umezimika, alikuja na kigae kuomba kaa, na moto wa mama yangu haukuwa unalala. Wakaacha kuja. Mwamini, Nabintu, Feza, mama Bitota, wote walipita mlangoni kwetu na vigae vyao, wakaenda kuomba mbali. Mama alijua kinachofuata: nyumba iliyoachwa hivyo, mwisho huchomwa. Akafunga nguo zetu kwenye kitenge. Hata yeye akawa anamtazama baba akila kama anamtazama mgeni.

Kisha mama Bitota akaja. Moshi ulikuwa unafuka kwenye paa lake, sote tuliuona.

"Mama Sifa," akamwita mama kwa jina langu, "nipe moto."

"Wako si unawaka?"

"Nimeomba moto, sikuomba maswali."

Mama akampa. Mama Bitota akatoka na kaa lile, akapita katikati ya njia polepole, kila mtu amwone. Kesho yake akaja Feza, kisha wengine. Kitenge kikafunguliwa. Mpaka leo sijui mama Bitota alituhurumia au alikuja kuchungulia. Na baba sikumwuliza kama ni yeye aliyewaonyesha askari, mpaka tukamzika.

Hapa kila mtu ana swichi yake ukutani, haombi moto kwa jirani. Jumapili wanawake wenzangu wa kanisani wakinyamaza ninapoingia, narudi nyumbani nakaa kusikiliza mlango. Anayeniwazia mabaya hana haja ya kuupita mlango wangu kwenda kuomba moto mbali. Jiko lake linawaka, langu linawaka, nami sitajua.