Kijani Chini ya Kaunta

Venuste hakutulia juma zima. Tangu Jumatatu alikuwa amemwaga vipande vitatu vya mfano, kila kimoja kipana kama sahani, na vyote vilikataa kufanana na sakafu. Sakafu yenyewe ilikuwa ya granito, saruji iliyochanganywa na chembe za marumaru kisha ikasuguliwa, yenye rangi ya haradali. Vyake vilitoka kijani.

Jengo lilikuwa duka kubwa la miaka ya arobaini, katika jimbo la Maryland, lenye kona ya mviringo na vioo virefu. Sasa lilikuwa likigeuzwa ofisi, na mafundi wa mabomba walikuwa wameacha mashimo kumi na moja ukumbini, ambayo Venuste alipaswa kuyaziba. Msanifu wa majengo, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alikuwa amesema kwamba viraka visipolingana kufikia Ijumaa, sakafu yote itafunikwa zulia. Tena mtu asiguse sakafu ya zamani bila idhini yake.

Bujumbura, Venuste alimwaga granito miaka kumi na tisa. Huku ughaibuni alipiga deki miaka mitatu katika nyumba ya wazee, Springfield, na hakuna aliyemwita fundi hadi juma hili.

Nyumbani Takoma Park, Jumatano, chakula kilipoa mbele yake.

"Kula, Baba Ineza," mkewe Candide alisema. "Sakafu haitembei."

"Ijumaa inatembea."

Alhamisi alikuwa amepiga magoti tena. Njuguna, Mkenya aliyekuwa akibomoa makaunta, alimtazama akacheka.

"Mzee, hiyo sakafu unaipima ama unaichumbia?"

Kaunta ya manukato ilikuwa imeng'olewa muda huohuo, na pale iliposimama miaka hamsini sakafu ilikuwa kijani kibichi. Venuste alikimbilia kipande chake cha kwanza, akakilaza hapo. Mpaka haukuonekana.

"Ni nta," alisema. "Kumbe walipaka nta juu ya nta, mpaka ikageuka njano."

"Sasa mwambie yule mama."

"Hataamini maneno. Lete dawa ya kutoa nta."

"Utafutwa kazi, mzee."

"Lete, ndugu yangu."

Akasafisha mahali pa upana wa mkeka mdogo, katikati ya ukumbi, mbele ya macho ya wote.

Ijumaa msanifu alisimama juu ya mahali pale palipokuwa kijani.

"Nani amegusa sakafu yangu?"

"Mimi," Venuste alisema.

Msanifu alikitwaa kipande cha mfano, akainama, akakilaza, akakizungusha. "Usirudie tena bila kuniuliza," alisema, akafuta mstari kwenye karatasi yake. "Zulia halitakuja. Sakafu itasafishwa yote."

Njuguna aliutazama ukumbi kutoka mlango hadi mlango, akaguna. "Yote? Mzee, umetumaliza."

Venuste alikuwa ameshapiga magoti, akitafuta wembe wake wa kukwangulia nta.